Asubuhi Tuliyopaka Boti ya Zahanati

Ifakara, Jumamosi jioni

Mwanangu Longino,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Mchana umekula ugali na kambale, ukaacha kichwa, ukasema umeshiba, ukapanda baiskeli kwenda Michenga kumuaga bibi yako. Hali yangu nayo unaijua. Magoti yananiuma, na tangu asubuhi nimegombana na kila kiumbe humu ndani mpaka kuku. Kwa hiyo tuyaache hayo. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, nimesogeza ungo wa mchele pembeni, nataka niandike kabla hujarudi. Ukirudi nitaanza tena kukunja mashati yako ambayo yameshakunjwa, na maneno yatanipotea.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala kuchemsha maji, wala misa ya Jumapili. Hayo shangazi yako Anastazia amekuimbia wiki nzima mpaka nimelihurumia koo lake. Wala sitakuambia ujihadhari na Dar es Salaam. Mimi Dar nilikwenda mara moja tu, kufundishwa rangi, na nilichokiona ni ukuta wa karakana na sufuria za mama ntilie. Mji siujui, na siwezi kukuonya juu ya kitu nisichokijua.

Ninachokijua ni rangi. Na kinachonikosesha raha ni kwamba unakwenda kupaka meli, ndani ya matangi yake, nawe ni mtu usiyesema.

Mwalimu wangu wa rangi wa kule Dar ndiye aliyenitia hofu hii bila kujua. Alipokuja safari hii kusimamia kazi ya boti ya zahanati, na akaipenda mikono yako, na akasema atakutafutia nafasi kwao, alinieleza kazi yenyewe ilivyo. Alieleza kwa furaha, akidhani nami nitafurahi. Kwamba ndani ya meli kuna matangi ya chuma, mtu anaingia kwa tundu dogo kama anaingia mtungini, anapaka humo ndani. Kwamba epoksi, hii rangi yetu ya makopo mawili, hutoa mvuke mzito, kwa hiyo hufungwa feni kubwa ya kuvuta hewa. Nikamuuliza, na feni ikizimika? Akasema, "Hapo ni kutoka mara moja, Mama. Aliye ndani ndiye anajua wa kwanza, kichwa kinamzunguka. Anapiga kelele, wenzake wanamtoa."

Nikaitikia, nikatabasamu, nikaenda nyuma ya banda nikakalia ndoo. Nilikuona, Longino. Nilikuona ndani ya tangi hilo, kichwa kinakuzunguka, msimamizi anakuuliza kutoka juu kama mambo yanakwenda, nawe unamjibu, "Sawa, mkuu."

Ndivyo unavyojibu siku hizi. Nikizidisha chumvi kwenye mboga, unakula na kusema sawa, Mama. Vile viatu vyeusi nilivyokununulia mnadani vilikubana, ukavivaa mpaka ukucha ukang'oka, na nilipouliza ukasema viko sawa. Watu wananisifu. Wanasema una kijana mtulivu, ana adabu, hainui sauti. Mama Veneranda hapa jirani yuko tayari kubadilishana wewe na wanawe wote na mbuzi juu. Mimi nacheka nao, lakini nimekuzaa mimi, na najua hukuzaliwa hivyo. Ulipokuwa mdogo ulikuwa na mdomo kama redio. Ulimwambia katekista mbele ya waumini kwamba soksi zake hazifanani. Ulikuwa unanisimamisha njiani kwenda shamba kuniuliza kwa nini nimefunga kanga upande wa ndani nje. Mtoto yule nilimnyamazisha mimi, na siku yenyewe unaijua.

Hatujawahi kuizungumza. Leo nitaizungumza peke yangu, wewe utasoma.

Lakini kwanza ujue mama yako alikuwa nani kabla ya siku hiyo. Babu yako, baba yangu, alichonga mitumbwi Kivukoni, hapa hapa kwetu. Mtu akitaka mtumbwi wa kuvukia mto mkubwa, wa kubebea mpunga na watu bila kutikisika, alimfuata yeye. Na babu yako hakuruhusu mwanamke kugusa mtumbwi ambao haujaingia majini. Hata ukipita karibu na mahali anapochongea, alitupa gome la mti kukufukuza kama kuku. Mimi nilikaa mbali, nikatazama. Nilimwona akimaliza kuchonga, akikata majani mabichi na matete, akiufunika mtumbwi wote, akiyamwagia maji jioni. Jua likiupiga mtumbwi mpya, unapasuka. Kwa hiyo unaulaza kwenye ubichi, unaufunika, unauacha ukauke polepole. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, na nilijua pia kwamba sitaruhusiwa kulifanya.

Sasa fikiria mwanamke huyo, miaka mingi baadaye, anaajiriwa karakana kufagia. Anaokota brashi iliyotupwa, anapaka mlango wa choo, msimamizi anaona mlango huo hauna michirizi. Anapaka matrekta. Anapelekwa Dar kufundishwa rangi ya chuma. Anarudi, na wale wanaume waliokuwa wakimtuma chai sasa wanamwita fundi. Wapo waliocheka, na mmoja alisema mbele yangu kwamba mwanamke akipaka boti itazama kwa aibu. Nilimjibu jibu ambalo siliandiki hapa. Lakini nilivimba, mwanangu. Nikawa mtu asiyeambiwa kitu. Wakati ule niliona hiyo ndiyo heshima yangu, na niliilinda kama mtu anavyolinda shamba na ngedere.

Ndipo ikaja boti ya zahanati. Boti ya chuma, ndogo, ya kuvusha wagonjwa na muuguzi wakati wa mafuriko, kutoka ng'ambo na hata kutoka upande wa Malinyi barabara zikizama. Ilikuwa imeshaanza kuliwa na kutu. Tuliipindua juu ya magogo. Wewe ulikuwa likizo, ukaomba kuja kusaidia, nikaringa, nikasema sawa, lakini ukiharibu nakutimua. Hukuharibu kitu. Ulisugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka vidole vikatoka malengelenge. Jioni chuma kilikuwa cheupe, kinang'aa, hata Mzee Apolinari, mkongwe wa karakana, ambaye hasifu mtu ila mkewe na kwa kulazimishwa, alisema, "Hii sasa kazi."

Kilichotakiwa hapo kilikuwa kitu kimoja tu: kikae kikavu, kipakwe asubuhi jua likishapanda. Mwalimu alikuwa amenifundisha hivyo. Chuma kisafi hakitaki hata pumzi ya mtu.

Nami nikafanya nini? Nikakiangalia chuma kile kitupu, kimelala uchi nje ya banda, nikahisi ninavyohisi nikiona mtumbwi mpya. Jua la asubuhi la Ifakara unalijua. Vumbi la barabarani unalijua. Nikamwambia Saidi, mwenzetu wa karakana, akate matete mabichi kule bondeni. Nikafunika boti yote, nikaongeza magunia, nayo magunia yalikuwa na unyevu, nikaona ndiyo vizuri zaidi. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa namfanyia kazi baba yangu, ambaye amekufa bila kuniruhusu kugusa hata upondo wa kusukumia mtumbwi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiimba, ukaniuliza Mama umeokota nini.

Asubuhi nilifika mapema na haraka zangu. Padre alikwisha kutangaza kanisani kwamba Jumapili atakuja kuibariki boti. Nikafungua makopo yote mawili, rangi yenyewe na ile dawa ya kuigandisha, nikachanganya kwenye ndoo, nikakoroga. Wewe unaijua rangi hii. Ikiwa mbalimbali katika makopo yake inakaa miaka. Ikishakutana, haina subira. Unayo asubuhi hiyo tu, ukichelewa inageuka jiwe ndani ya ndoo, na brashi imesimama humo kama mwiko kwenye ugali wa jana. Na hiyo ndiyo rangi tuliyokuwa nayo. Kopo jingine lingetoka Dar, baada ya kuomba na kungoja, na masika yalikuwa yanakaribia.

Nilikoroga kwanza, ndipo nikakwambia ufunue matete. Huo ulikuwa upumbavu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Ukafunua. Ukapitisha kiganja chako kwenye chuma, ukakitazama. Ukatoa kipande cha gazeti mfukoni, ukakibandika ubavuni mwa boti, ukakiachia. Kikakaa. Hakikuanguka, kwa sababu chuma kilikuwa kimelowa. Ukasema, wala hukusema kwa ubishi, ulisema kama mtu anayemwambia mwenzake kamba ya kiatu imefunguka, "Mama, chuma kimetoa jasho. Na hapa chini kimeanza wekundu."

Nikasema futa kwa kitambaa. Ukafuta. Ukasema, "Mama, kinarudi. Tungoje jua."

Longino, nilikuona. Niliuona na ule wekundu. Usidhani mama yako alikuwa kipofu. Nilitazama gazeti, nikatazama ndoo, nikatazama wanaume waliosimama na vikombe vyao vya chai wakingoja kuona nitajibu nini. Kama ningesema tungoje, rangi ingekufa ndani ya ndoo mbele yao, na wangejua kwamba fundi Filomena amefunika chuma kwa matete kama anafunika mtumbwi. Nikawaza habari hiyo ikifika kilabuni jioni. Nikaona ni heri boti iharibike taratibu kuliko mimi niaibike palepale.

Nikakwambia nimezaliwa kwenye vyombo vya maji, wewe umezaliwa kwenye madaftari. Ukasema, "Lakini Mama..." Hapo ndipo niliposema lile neno. Naliandika kama nilivyolisema, kwa sababu wewe umelibeba kama nilivyolisema. Nilisema, "Wewe nani akusikilize? Baba yako mwenyewe alikuona akakukataa."

Saidi, aliyekuwa akisaga bawaba upande wa pili, alizima mashine. Mzee Apolinari alitazama ndani ya kikombe chake. Wewe hukulia. Ulikibandua kile kipande cha gazeti, ukakikunja, ukakitia mfukoni. Ukasema, "Sawa, Mama." Kisha ukachukua brashi, ukapaka pamoja nami mpaka ndoo ikaisha, na hukuacha hata mchirizi mmoja.

Jioni nilichinja kuku. Ndivyo tulivyo wazazi wa huku, hatuombi radhi watoto, tunachinja kuku. Nilikuwekea paja na firigisi, nikakutazama ukila. Ulisema tamu. Nami nikalala nikijidanganya kwamba tumemalizana.

Sasa ngoja nikwambie habari za baba yako, kwa sababu neno lile lilikuwa uongo, na uongo huo nimeuacha ukae nawe miaka yote hii.

Baba yako Kasiani alikuwa fundi baiskeli, karibu na soko, kijana wa upande wa Mahenge. Hilo unalijua. Unajua pia kwamba alifariki huko kwao ukiwa bado mchanga. Usilolijua ni kwamba alikuja. Ulipozaliwa alikuja hapa na wajomba zake, na kanga mpya, na kiti kidogo cha mtoto alichokitengeneza mwenyewe cha kufunga mbele ya baiskeli. Wewe ulikuwa hujakaza hata shingo, yeye ameshakutengenezea kiti. Nilicheka mpaka nikasahau kuringa. Alikubeba. Alikuzungusha nyumba nzima akikuonyesha vitu, hii sufuria, huu mlango, huyu bibi yako mkali. Alitaka atuchukue wote wawili tukaishi kwao mlimani. Mimi ndiye niliyekataa. Sikutaka kuishi kwa watu, sikutaka kumwacha mama yangu, na kwa kweli nilikuwa mkaidi tu na nilitaka abembeleze zaidi. Akasema atarudi baada ya mavuno. Akaugua kabla ya mavuno. Kiti kile kilikaa darini mpaka mchwa wakakila.

Huyo ndiye niliyekwambia alikukataa. Alikuwa marehemu, hawezi kujitetea, na mimi nilikuwa nahitaji jiwe la kukurushia. Nimemkosea yeye, na wewe nimekukosea mara mbili. Mara nyingi nimekuona ukipita pale sokoni kwenye mafundi baiskeli, unageuza uso. Nimekuona, na nimenyamaza. Kila mwaka ulipopita ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza mwaka uliotangulia.

Yaliyofuata kwenye boti unayajua. Padre alibariki, watu waliimba, boti ikaingia majini inameta, nami nimevaa kitenge kipya. Masika yalikuwa hayajaisha. Rangi ilianza kuvimba malengelenge, kwanza chini ya pua, kisha mbavuni. Ukibonyeza moja linatoa maji. Baadaye ikabanduka vipande vizima kama ngozi ya nyoka, na chuma chini yake kimekuwa chekundu. Wakaja kuivuta nchi kavu wakati mto uko juu kabisa, wakati ambao boti ile ndiyo ilinunuliwa kwa ajili yake. Muuguzi akarudia mtumbwi, na wagonjwa nao. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba kuna mtu alichelewa kwa sababu hiyo. Na mimi sikuuliza. Nimekaa na hilo mpaka leo, kwamba sikuuliza.

Karakana waliponiuliza imekuwaje, nilisema rangi ilikuwa imepitwa na wakati. Ulikuwepo. Ulikuwa umekuja kuniletea chakula. Nilikutazama nikingoja uniumbue, nawe ulitazama chini. Nikashukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba umejifunza.

Safari hii boti iliporudi kupakwa upya, mwalimu mwenyewe akisimamia, nilikutazama ukifanya kazi. Ulifanya vizuri kuliko mimi. Ulingoja jua, ulifuta kwa tina ya kuyeyushia rangi, ulipima chuma kwa mgongo wa mkono, hukukoroga mpaka kila kitu kiko tayari. Lakini ulifanya yote kimya. Saidi alipotaka kupaka karibu na mshono ambao haujasafishwa, hukumwambia. Ulingoja aondoke ukasafisha wewe, ukapaka wewe. Mwalimu aliona ni upole. Mimi niliona kazi ya mikono yangu.

Kwa hiyo juzi, tulipomaliza mkono wa mwisho wa rangi na watu wamekaa kivulini, nilisimama. Wewe ulikuwa umetumwa mjini. Nikawaambia nina jambo. Nikawaambia kwamba ile rangi ya kwanza haikupitwa na wakati, ilikuwa nzuri, mimi ndiye nilifunika chuma kikalowa, nikapaka hivyohivyo, na mwanangu alikuwa ameniambia.

Nilidhani watashtuka. Mzee Apolinari alichokonoa meno kwa muda, kisha akasema, "Tulijua, Mama Longino. Jasho lile tuliliona sote."

Nikamuuliza, "Mliliona? Sasa mbona hamkusema?"

"Tungesema vipi? Mtoto wako wa kumzaa amesema, ukamfanya vile. Sisi ni nani?"

Kumbe pale uwanjani kulikuwa na watu wazima wenye macho na ndevu, na aliyethubutu ni wewe peke yako. Nilipokuziba mdomo niliwaziba na wao. Boti ile ingeweza kupona hata baada ya wewe kunyamaza, kama kungekuwa na mmoja tu wa kuongeza neno.

Kisha mzee akaniuliza, "Na yeye umemwambia hayo?" Nikasema bado. Akacheka kidogo, si kwa dharau. Akasema, "Sasa sisi unatuambia ili iweje, dada yangu? Mwenye jambo hayupo hapa."

Ndiyo maana naandika.

Sikufundishi ubishi, Longino. Wabishi ninao wa kutosha kwenye ukoo huu, na mwalimu wao wa kwanza ni mimi. Nakuomba kitu kidogo tu. Ukiona chuma kimelowa, sema kimelowa. Wakikuambia hujui kitu, sema mara ya pili, kwa sauti ileile uliyoniambia mimi, maana haikuwa na kosa lolote. Atakuwepo mtu mwenye ndoo mkononi ambaye ameshakoroga, na atakukasirikia. Jua kwamba hasira yake ni kwa sababu ya ndoo. Mimi nimekuwa mtu huyo, namjua ndani na nje. Na ukiwa ndani ya tangi, kichwa kikaanza kukuzunguka, usifikirie adabu, usifikirie nani mkubwa na nani mdogo. Piga kelele. Wakikufukuza kazi kwa kupiga kelele, rudi nyumbani, nitakupokea kwa vigelegele. Nakutaka uwe hai, hata kama utakuwa mtu wa kero.

Na kama utakuja kuwa fundi mwenye vijana chini yako, sina la kukuagiza. Najua utawasikiliza. Hilo halikutoka kwangu.

Kuna muda nimejiuliza kama kuandika kunatosha. Ningekuwekea barua hii mfukoni mwa mkoba, ungeisoma Kidatu au mbele zaidi, ungelia au usingelia, nami nisingeona. Ni njia rahisi, nami nimekuwa nikipita njia rahisi na wewe tangu asubuhi ile. Kwa hiyo barua hii nitakupa leo, ukirudi, uisome nikiwa bado nipo hapa jikoni nasonga ugali. Sitakuuliza kitu usiku huu. Soma, ulale.

Ila kesho nitafanya jambo, na nakuambia mapema ili usije ukakimbia. Treni itachelewa, kama desturi yake, na watu watakuwa wamekaa juu ya mizigo yao wakitafuta cha kutazama. Nitawapa cha kutazama. Nimewaomba Mzee Apolinari na Saidi waje kituoni, kwa sababu walikuwepo siku ile. Shangazi yako atakuwepo, na bibi yako kama miguu itamruhusu. Nitasimama mbele yao na nitasema kwamba ulikuwa na haki na mimi nilikuonea, na kwamba baba yako alikubeba mikononi na alikutaka. Neno lile nililitoa mbele za watu. Siwezi kulirudisha gizani, jikoni, tukiwa wawili.

Najua utaona haya. Utanishika mkono uninong'oneze, yamekwisha, Mama, watu wanatutazama. Usifanye hivyo, mwanangu. Niache nimalize, hata nikilia. Na nikishamaliza, usinionee huruma ukaniambia haikuwa kitu. Kama iliuma, niambie iliuma, na useme kwa sauti, behewa la mwisho nao wasikie.

Ni mimi niliyekuzaa,
Filomena